Lalamiko Lenye Namba ya Nyumba

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wakazi, Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu Mtendaji, wajumbe wa kamati, wazee wetu, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma: Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Tumeitwa tuseme sisi wakazi tunayaonaje maisha na huduma za mji wetu. Maoni hatuna shida nayo. Nenda soko la samaki Feri alfajiri, kaa kwenye foleni ya hospitali ya Ligula, panda bajaji kutoka Chuno mpaka Magomeni, utayasikia yote: maji, taka, mitaro, vumbi, dawa, umeme, nauli. Hakuna mkazi wa Mtwara asiye na la kusema. Ninachouliza leo ni hiki: hayo tunayoyasema yanafika wapi? Na yakifika, anayeyapokea anaweza kuyafanyia nini kesho asubuhi?

Ndugu zangu, mji huu una historia ya kupangiwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na huku kusini wakachagua Nachingwea iwe shamba na Mtwara iwe bandari. Zikapimwa barabara hizi pana tunazopita mpaka leo. Ikajengwa reli. Mwaka 1951 mradi wenyewe ukavunjwa, hata bandari haijamalizika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Leo tuna kata inaitwa Reli na treni hatuna. Nani aliwauliza wazee wetu kama udongo wa Nachingwea na mvua zake vinafaa kilimo cha namna ile? Hakuna aliyewauliza.

Halafu tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2012, kisha Januari na Mei 2013, maoni ya watu wa Mtwara kuhusu gesi, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, yalitokea barabarani. Mali zilichomwa na watu walikufa. Kila mmoja hapa ana msimamo wake kuhusu bomba lile, na leo hatukuja kuujadili. Nasema tu kwamba sisi tunajua gharama ya maoni yasiyo na pa kukaa. Tunajua kuliko miji mingine mingi. Kwa hiyo tuwe wa kwanza kujifunza kuyaweka mahali pake: kwenye karatasi, yakiwa na siku, na kipimo, na namba ya nyumba, na jina la ofisi inayohusika.

Nianze na hilo la ofisi.

Nani mwenye kitu? Watu wengi tukikasirika tunasema "serikali" au "manispaa", tukamaliza. Mwenye kosa hapo anapumua, kwa sababu hajatajwa. Barabara kuu ya kwenda Lindi na ile ya kwenda Masasi ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani pamoja na mitaro yake ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, ndiyo maana wazee wengi bado wanapeleka shida ya mtaro kwa Mkurugenzi. Maji ya bomba ni MTUWASA. Nguzo, waya na transfoma ni TANESCO. Taka, masoko, zahanati, shule za msingi na sekondari za serikali ni Manispaa. Hospitali ya Ligula, kwa kuwa ni ya rufaa ya mkoa, ipo chini ya Wizara ya Afya. Kivuko cha Msangamkuu ni TEMESA. Nauli ya daladala na basi ni LATRA.

Sasa tazameni mtaro mmoja unavyoweza kuwazungusha watu mwaka mzima. Tuchukue nyumba sita zilizo bondeni, jirani na kalvati. Mvua ikinyesha saa moja, maji yanaingia vyumbani. Wakazi wanakwenda ofisi ya kata wanasema, "Tunafurika." Wanaambiwa wasubiri. Ni kweli wanafurika, lakini kwa nini? Ukiinama ukachungulia kwenye kalvati lenyewe, utakuta mambo matatu yamekaa pamoja. Chini kuna mchanga uliosombwa kutoka barabara ya vumbi ya juu: huo ni wa TARURA. Juu ya mchanga kuna chupa za plastiki na nepi, kwa sababu kizimba cha taka kimejaa na gari halijapita: hilo ni la Manispaa. Na hatua ishirini mbele kuna mwenzetu amefunika mtaro kwa zege apate pa kuingizia gari, hakuacha mfuniko wa kufungua, na chini ya zege lile hakuna anayeweza kuzibua: hilo ni la kwetu wenyewe, la kamati ya mtaa na Mtendaji. Mafuriko ni mamoja, wenye kuhusika ni watatu. Ukimwandikia mmoja tu, atafanya sehemu yake na maji yataingia tena, nanyi mtasema mmedanganywa.

Na hata usafishaji wenyewe una kosa linalorudiwa kila mwaka. Vijana wanazibua mtaro, mchanga wanaurundika ukingoni. Picha inapigwa, watu wanaondoka. Mvua ya kwanza inaurudisha mchanga wote ulikotoka. Mchanga uliotolewa uondoke siku hiyo hiyo, kwa toroli au kwa gari. Kama hakuna gari siku hiyo, ahirisheni kuzibua mpaka lipatikane. Na kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kati ya Novemba na Desemba mpaka Aprili, kazi hiyo ifanyike Septemba na Oktoba. Anayeomba mtaro usafishwe Januari anaomba vijana wafanye kazi ndani ya maji.

Mkipiga picha ya kalvati, pigeni mbili: moja ukitazama maji yanakotoka, moja yanakokwenda. Wekeni kitu cha kulinganishia, ndoo au jembe, aliye ofisini aone mchanga umejaa kiasi gani. Yakiingia ndani, chora mstari wa chaki ukutani pale maji yalipofika, andika tarehe na saa. Na nyumba itajwe kwa namba. Vibao vya anwani za makazi vimewekwa tangu 2022, vina namba ya nyumba, na barabara zina majina. Kwa nini bado tunaandika "jirani na mwembe wa Mzee Fulani"?

La pili, na hapa naomba tukae kidogo, kina mama mnielewe vizuri, maana ndio mnaobeba ndoo. Pima kabla hujalalamika.

Mgonjwa akifika kwa daktari akasema "naumwa" akanyamaza, daktari ataanza kuuliza: wapi, tangu lini, usiku au mchana? Ofisi ya maji nayo, ukisema "maji ni shida", haina pa kushika. Shida ya maji ina aina nyingi. Kuna maji yasiyotoka kabisa. Kuna yanayotoka saa nane usiku watu wamelala. Kuna yanayotoka kwa nguvu ndogo. Kuna yenye rangi. Kuna ankara kubwa isiyoeleweka. Kila moja ina fundi wake na sababu yake.

Chukua daftari la shule, la kurasa 40. Piga mistari upate safu tano: tarehe, saa maji yalipoanza, saa yalipokatika, muda wa kujaza ndoo, na rangi. Andika kwa siku 14 mfululizo bila kuruka. Muda wa kujaza ndoo unapimwa hivi: ndoo ya lita 20 chini ya bomba, bomba lifunguliwe mpaka mwisho, bomba jingine lolote ndani ya nyumba lifungwe, simu ihesabu. Ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika, hiyo ni nguvu nzuri kwa nyumba. Ikijaa kwa dakika tano, unapata lita nne tu, na huenda maji yasipande mpaka tenki la juu ya paa. Sasa nyumba tano za mtaa mmoja zikipima siku moja, saa moja, mnajua jambo kubwa. Kama zote tano ni dhaifu, tatizo liko kwenye bomba la mtaa au kwenye mgawo. Kama ni moja tu, tatizo liko kati ya bomba la mtaa na nyumba ile: koki iliyofunguliwa nusu, bomba lililobanwa, au kutu.

Ankara je? Tuchukue nyumba ya wapangaji, familia tano, mita moja. Kila mwezi wamezoea uniti 9. Mwezi huu imekuja 38. Ugomvi unaanza: mwenye nyumba anamshuku mpangaji mwenye watoto wengi, wapangaji wanamshuku msoma mita. Kabla ya kugombana, tufanye hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Ziada ya uniti 29 ni ndoo 1,450 kwa mwezi, karibu ndoo 48 kila siku. Kuna mpangaji anayeweza kuchota ndoo 48 za ziada kila siku bila wenzake kumwona?

Hatua ya kwanza, toa ankara, soma mahali palipoandikwa usomaji wa sasa. Kisha kasome mita. Kama namba ya kwenye mita leo ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye ankara, basi aliyeandika alikadiria au alikosea kusoma. Piga picha ya mita, namba zake za usajili zionekane, nenda nayo ofisini. Hapo huhitaji kubishana, mita imesema. Kama namba zinakubaliana, usiende ofisini kwanza. Usiku, watu wote wakishalala, funga mabomba yote, andika namba ya mita pamoja na zile tarakimu nyekundu. Alfajiri kabla ya mtu kufungua bomba, soma tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja baada ya mita, na hiyo ni mali yenu, mwite fundi. Aanzie chooni: boya la tanki la kuflashi likichoka, maji yanatiririka kimya kimya usiku na mchana, hakuna anayesikia. Aende kwenye simtanki: boya lake nalo likikwama, maji yanamwagika ukutani nyuma ambako hakuna anayepita. Mwisho achunguze bomba lililofukiwa; tafuta mahali ambapo majani ni mabichi kiangazi. Hata bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga karibu ndoo nzima kwa siku.

Kama usiku mita haikusogea, na namba zinakubaliana, hapo una haki kamili ya kuomba mita yenyewe ipimwe. Andika barua ukiambatanisha usomaji wa jioni na wa alfajiri. Na jambo jingine ambalo watu hawalijui: maji yakirudi baada ya kukatika siku kadhaa, bomba huwa limejaa hewa, na hewa ikisukumwa kwa kasi inaweza kuizungusha mita. Fungua bomba lililo karibu na mita, polepole, mpaka mlio wa hewa uishe, ndipo ufungue mengine.

Ukishindwa kuelewana na mtoa huduma wa maji au umeme, EWURA ndiyo mdhibiti wa wote wawili, lakini watakuuliza kwanza: ulimwandikia mwenyewe? Uko wapi muhuri wa kupokelewa? Asiye na karatasi anarudishwa alikotoka.

Umeme nitaupitia haraka. Ukikatika, tazama kwa jirani kabla ya kupiga simu: ni nyumba yako, ni mtaa, au ni mji mzima? Kama ni yako tu, taja namba ya mita, tarakimu 11. Kama ni mtaa, taja namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya karibu. Na mjue kwamba kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mnalipa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Ile ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kila mwezi anapaswa kuikumbuka wakati wa kuhesabiana kodi ya pango.

Kwenye zahanati vilevile. "Dawa hakuna" haimsaidii mtu. Andika dawa gani, tarehe gani, uliambiwa ukanunue wapi, ulilipa shilingi ngapi, na tunza risiti.

Sasa nije kwenye la tatu, na hili linatuhusu sisi tuliokaa hapa. Tazameni huku na huku. Nani hayupo?

Wavuvi hawapo, wanajiandaa kwenda baharini. Mama anayeuza ming'oko na samaki wa kukaanga hayupo, hii ndiyo saa yake ya wateja. Wapangaji wengi hawapo, maana wamezoea kuambiwa mkutano ni wa wenye nyumba, na si kweli. Mkazi ni mkazi. Mzee asiyeweza kutembea hayupo. Na tungekutana Oktoba au Novemba, nusu ya mtaa ingekuwa kwenye korosho, Tandahimba na Newala. Basi tukitoka hapa tukasema "wananchi wanasema", tutakuwa tumesema wananchi gani?

Kama tunataka kujua wakazi wanaonaje huduma, twende majumbani. Si kazi kubwa. Tuseme mtaa una kaya 400 na tunataka kuuliza 40. Usiulize nyumba 40 za barabarani, wale wanapata maji na gari la taka kuliko wa ndani. Andika namba 1 mpaka 10 kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, mtoto achomoe kimoja. Ikitoka 7, anza nyumba ya saba, kisha ya 17, ya 27, mpaka mwisho wa mtaa. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni. Ukikuta tena umefungwa, rudi Jumapili. Usihamie nyumba ya jirani kwa sababu yupo, kwa kuwa aliyepo nyumbani mchana ana shida tofauti na asiyekuwepo. Ndani ya nyumba usimuulize baba kila mara. Nyumba hii muulize mama, inayofuata kijana, inayofuata mpangaji. Na kwa maji, mzazi akiruhusu, muulize mtoto anayetumwa kuchota: yeye ndiye anayejua foleni ina ndoo ngapi mbele yake na anachelewa shule mara ngapi.

Waulizaji waende wawili wawili, mmoja anauliza, mmoja anaandika. Naomba radhi kwako, ndugu Mwenyekiti, lakini usifuatane nao, na diwani asifuatane nao. Mkifuatana, kila mlango utasema mambo ni mazuri, Mungu anasaidia. Swali nalo liwe la jambo lililotokea. Ukiuliza, "Je, huridhiki na taka?" umeshamwekea jibu mdomoni. Uliza: "Gari la taka lilipita lini mara ya mwisho? Lisipopita, taka unaziweka wapi? Wiki iliyopita ulitoa shilingi ngapi kununua maji?" Maswali sita yanatosha. Yakifika ishirini, kuanzia la kumi mtu anajibu ilimradi uondoke.

Mkimaliza, hesabuni mbele ya kamati. Semeni "26 kati ya 40 walinunua maji wiki iliyopita." Msiseme "wengi". Na kama ni watatu tu, semeni watatu, msiwakuze. Lakini msiwatupe pia: kama hao watatu ni walemavu wanaoshindwa ngazi za zahanati, hao watatu ni wote wanaohusika.

La mwisho ni saa. Kuna shida ya kutengeneza na kuna shida ya kujenga. Bomba limepasuka, kifuniko cha mtaro kimevunjika: hizo ripoti leo, hazisubiri kikao. Lakini zahanati mpya, kalvati kubwa, kizimba cha pili cha taka, hizo zinataka bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na unaisha Juni 30. Bunge linakaa kwa bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo mapendekezo yanatoka mtaani, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yanafika Baraza la Madiwani. Kwa hiyo ombi linaloandikwa Mei linaambiwa "halikuwepo kwenye bajeti," na kwa kweli halikuwepo. Vipaumbele vya mtaa viandikwe vikamilike Septemba, kabla watu hawajatawanyika kwenye korosho.

Barua moja, jambo moja. Ukiweka maji, taka na taa kwenye barua moja, itazunguka meza tatu na haitakaa kwa yeyote. Ielekezwe kwa mwenye kitu, ipitie kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata. Itaje nini, wapi, tangu lini, ni kaya ngapi, na mnaomba kifanyike nini. Ambatanisha muhtasari wa mkutano wenye orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, na daftari au picha. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na wewe ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usitoke mlangoni bila muhuri. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na mkazi anaruhusiwa kwenda kusikiliza. Nendeni, hata wawili, mkae nyuma, mkiwa na nakala yenu mkononi. Diwani akiona watu wa mtaa wake wamekaa pale, jambo lao analisema.

Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako, kabla hatujafunga naomba tugawane kazi. Tunahitaji nyumba tano za juu na tano za bondeni zianze daftari la maji kesho asubuhi, kwa siku 14. Tunahitaji vijana wanane wanaoandika vizuri, wavulana wanne na wasichana wanne, kwa ajili ya kuuliza majumbani. Na tunahitaji watu watatu wakapige picha makalvati yote ya mtaa huu Jumamosi, na wamwone yule mwenzetu mwenye zege, kwa adabu, wamwombe atoboe mahali pa mfuniko. Madaftari yapo mezani kwa Mtendaji. Anayechukua aandike jina na namba ya nyumba yake.